Marehemu Aliyeitika

Muheza, 27 Novemba 1970

Kwa mdogo wangu Bartolomayo, kama upo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na ikiwa salamu hizi zitakukuta huko aliko Yeye, basi nisalimie na Mama. Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli zimenyesha vizuri, mahindi yamesimama, na mjukuu wangu Tabia, ninayekaa naye, amejifungua mtoto wa kiume mwenye masikio ya marehemu mume wangu. Mimi mwenyewe ni mzima kabisa. Kila Jumapili nakwenda kanisani kwa miguu na kurudi kwa miguu, na wiki iliyopita nimelipita basi lililoharibika njiani.

Sasa nije kwenye shida yangu. Mke wa mwalimu wetu amerudi kutoka Unguja, alikokwenda kumtazama dada yake. Alipofika hapa alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa karibu, nikajua kuna msiba. Akanieleza kwamba Siku ya Marehemu, tarehe mbili, alisali katika kanisa lenu, na Padri aliposoma majina ya waliokufa, jina la mwisho lilikuwa lako. Nikamuuliza kama aliliona kaburi. Hakuliona. Nikamuuliza uliugua nini. Hajui. Alisikia jina tu, halafu kukatokea vurugu kidogo mbele, na yeye akatoka mbio kwa kuwa boti ilikuwa karibu kuondoka.

Nimekulilia siku tatu. Majirani wamekuja, wamekaa, wamekula, na wamemaliza sukari ya mwezi mzima. Siku ya nne Tabia akaniuliza mbona hatukuletewa simu ya kifo. Ndipo akili ikanirudia, nikakumbuka kwamba kwa tabia yako huwezi kufa bila kuniandikia kwanza barua ya kulalamika.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi. Ikiwa umekufa, usinijibu, nitaelewa. Ikiwa u hai, andika kwa mkono wako, na unitajie upawa wa Mama ulikwenda wapi siku ile tulipopanda treni ya Bububu. Jambo hilo tunalijua watu wawili tu, na mwenye dhambi ni wewe.

Dada yako anayekulilia kwa tahadhari,
Felisita


Mlandege, Unguja, 19 Desemba 1970

Dada yangu Felisita, shikamoo,

Upawa niliutupa nje ya treni ili nione kama utakimbia pamoja nasi. Haukukimbia. Mama alimlaumu kima, nami nimenyamaza miaka sitini na minne. Natumaini sasa umeridhika kwamba ni mimi na kwamba ningali hai.

Huku sote wazima. Jirani yangu wa ghorofani, Bi Borafya, yule aliyenipikia siku zote nilipofiwa na mke wangu Agatha, anakusalimu sana. Paka wangu amezaa tena ndani ya sanduku la nguo.

Kuhusu kufa kwangu, habari ni hii. Unajua kwamba tangu mwaka wa thelathini na tisa mimi ndiye ninayeandika orodha ya marehemu wa kanisa letu. Kila Oktoba unyevu wa Unguja unakuwa umeshaila karatasi ya mwaka uliopita, nami huandika upya majina yote, sasa ni mia nne na kumi na mawili, kwa wino mweusi. Mwishoni naacha nafasi ya vidole viwili, kisha natia jina langu dogo kule chini, kuonyesha nani kaandika, kama tulivyozoea katika kiwanda cha chapa cha misheni nilipokuwa napanga herufi. Padri wa zamani alilijua hilo. Huyu wa sasa ni mgeni, amefika Agosti. Alisoma mpaka karatasi ikaisha.

Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nikasikia, "Bartolomayo Farajala." Nikaitika, "Naam."

Usinicheke. Ningefanyaje? Hujasahau kule Mbweni, kila magharibi Mama akisimama mlangoni na kutaja majina yetu, na mlango haufungwi mpaka kila mtoto aitike na kuingia. Alichukuliwa kwao utumwani akiwa mdogo, na tangu siku ile hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Sisi tuliitwa kwa ajili yake pia. Sasa mtu aliyelelewa hivyo aitwe jina lake lote mbele za watu, anyamaze?

Kanisa zima liligeuka. Mzee mmoja akaangusha fimbo. Padri alinitazama mimi, akaitazama karatasi, akaona karatasi ina hoja kuliko mimi, akasema, "Apumzike kwa amani," na kufunga kitabu.

Namna jina langu lilivyosogea mpaka kuwafikia marehemu sijui. Karatasi za siku hizi ni mbovu. Padri aliponiuliza, nilimwambia kwamba mambo ya orodha hii ni mazito kuliko akili zetu, akaondoka anafikiri.

Tangu hapo sina raha. Akina mama wa kanisa walikuja na masufuria yao kunifanyia matanga, wakanikuta nakaanga samaki. Kwa kuwa wali ulikwisha pikwa, walikaa wakalia kidogo, tukala, nikawashukuru kwa niaba ya wafiwa. Zamu yangu ya kufagia kanisa amepewa mtu mwingine. Na Bwana Mcha wa Jang'ombe, karani wa duka letu la mgao, amelikata jina langu katika daftari lake. Marehemu, anasema, hana kadi. Hivyo nakunywa chai bila sukari, dada yangu, na wewe majirani wamekunywa sukari yako kwa ajili yangu.

Ndugu yako aliye hai,
Bartolomayo


Muheza, 30 Januari 1971

Mdogo wangu, marahaba,

Barua yako imetufurahisha. Nimewatangazia majirani kwamba u hai. Wamemshukuru Mungu, lakini sukari hawajairudisha. Jambo moja limeharibika: kabla barua haijafika tulikuwa tumeshambatiza mtoto wa Tabia jina la Bartolomayo, ili ukumbukwe. Nilimwomba Padri wetu tulibadilishe, akasema ubatizo haurudi nyuma. Basi vumilia, utakumbukwa ukiwapo.

Sasa nisikilize mimi dada yako. Nina barua zako za miaka arobaini kwenye sanduku, na kila mstari umenyooka hata ungeweza kupimia ukuta. Mistari ya barua hii inapanda kama mbuzi aliyeona kilima, na mahali pengine mstari mmoja umekaa juu ya mwenzake. Kwa siku mbili mimi na Tabia tulisadiki kwamba akina mama walikukuta unamkaanga Padri.

Vidole viwili vya nafasi umeviacha kwa miaka thelathini. Mwaka huu hukuviacha. Macho yako yana nini, Bartolomayo?

Njoo ukae na sisi. Chumba kipo, kina dirisha, na mtoto mwenye jina lako halii sana. Ningekuja mwenyewe kukuchukua, lakini kuku wanataga. Tena kanisa letu linapakwa rangi, na mimi ni mmoja wa wasimamizi. Nimekwenda Jumapili iliyopita kwa miguu yangu, nimeona paa limekuwa la buluu, linapendeza kweli. Halafu kuna hao kuku.

Dada yako,
Felisita


Mlandege, 7 Machi 1971

Dada yangu mpenzi, shikamoo,

Natumaini kuku hawajambo. Utaona mistari ya barua hii imenyooka, maana nimeweka rula chini ya kila mstari. Kama herufi zimekatwa miguu, ni rula, si mimi. Macho yangu hayana lolote. Ni taa, na mafuta ya taa, na utambi. Ningekuja Muheza, lakini paka ananyonyesha.

Ya huku ni kama yafuatayo. Nilikwenda kwa Bwana Mcha kumwonyesha kwamba nipo. Akanisalimia vizuri kwa adabu zote, akaniambia anahitaji karatasi. Nikaenda kwa Padri kumwomba cheti kwamba mimi ni hai. Padri akasema kanisa linatoa cheti cha ubatizo, cha ndoa na cha maziko, cha kuwa hai halijapata kutoa. Akanipa cha ubatizo, cha mwaka elfu moja mia nane tisini na sita. Bwana Mcha alikitazama muda mrefu, akasema mtu mwenye cheti hiki angestahili kuwa amekufa zamani.

Hapo Bi Borafya akaja mbele kutoka nyuma ya foleni. "Mcha," akamwambia, "huyu maiti jana kala samaki wangu wawili na asubuhi kaniuliza kama nshapika uji. Kama mna maiti wa namna hii, mpeni sukari anyamaze." Watu wote wa foleni wakaniunga mkono. Bwana Mcha ameahidi kulifikiria.

Jambo lingine sikutaka kukwambia. Wazee wa kanisa wameanza kuja kwangu mmoja mmoja. Unajua tangu mwaka wa sitini na nne wengi wamehama, na orodha ya walio hai imekuwa fupi kuliko ile ninayoiandika mimi. Waliobaki ni sisi wenye fimbo. Wanakuja, wanakaa kwenye mkeka, wanazungumza habari za bei ya ndizi, kisha wakiwa wanaondoka wananiuliza kwa sauti ndogo, je, inauma? Nawaambia sijui, mimi nimesomwa tu. Hawaamini. Mmoja ameniletea papai nimwombee goti lake, kwa kuwa niko karibu. Nimelila papai na kumwombea goti. Amesema limepungua maumivu, na sasa nina foleni ndefu kuliko ya Bwana Mcha.

Mwisho nina swali. Wewe umeniandikia kwamba paa la kanisa lenu ni la buluu. Mke wa mwalimu amekuja tena Unguja, na salamu alizoleta kutoka kwako zinasema paa ni jekundu. Nikamuuliza yeye. Akasema paa ni bati tupu, halijapakwa kitu tangu lijengwe.

Dada, ni lini uliliona kanisa mara ya mwisho?

Ndugu yako,
Bartolomayo


Muheza, 2 Mei 1971

Mdogo wangu Bartolomayo, marahaba, na heri ya Pasaka iliyopita,

Mtoto ameota meno mawili. Kuku hakuna. Hawakuwapo. Tangu mume wangu afe hatujafuga kuku.

Umeniuliza, nitakujibu. Kanisa nililiona mara ya mwisho Juni ya mwaka wa sitini na tisa, mpaka Jumapili ya Matawi mwaka huu. Miguu yangu imekufa. Haikufa kwa siku moja. Ilianza mmoja, mwingine ukaona aibu kubaki peke yake. Nakaa mlangoni toka asubuhi mpaka jioni, natambaa mpaka kitandani, na yote niliyokuandikia ya kutembea na kupita mabasi nimeyatunga. Nilijua ukisikia utanihurumia, na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Sikutaka kuhurumiwa na mtu niliyembeba mgongoni.

Sasa sikiliza ya Matawi. Barua yako ilinichoma, nikamwambia Tabia Jumapili hii nakwenda kanisani hata kwa kuburutwa. Mumewe ana toroli la gurudumu moja la kubebea samadi. Akaliosha, si sana, akatandika gunia, akaniweka ndani na tawi langu mkononi. Njia ya kanisani inateremka, unaikumbuka. Tulipofika juu ya mteremko, watu wamekusanyika chini na matawi, Padri bado anavaa. Toroli likachukua mbio. Mume wa Tabia hakuliachia, nampa haki yake, alikimbia nalo, lakini kusimama hakuweza. Tukapita katikati ya watu, nami nimeinua tawi nisimchome mtu jicho. Wao wakaona tawi limeinuliwa, wakadhani maandamano yameanza, wakaimba na kunifuata. Tumezunguka kanisa mara tatu, kwa sababu mbele hakuna aliyejua pa kusimama na nyuma hakuna aliyethubutu kuuliza. Padri alitoka na msalaba akakuta uwanja mtupu. Bwana wetu alipanda punda, mimi nimepanda samadi.

Walinirudisha nimelala chali humo torolini, natazama anga, na matawi ya watu yakipita juu yangu. Nilifurahi, Bartolomayo. Sijafurahi hivyo tangu nilipokuwa na miguu. Nikawaza: kila Jumapili maisha yangu yote nimesema nasadiki ufufuo wa mwili, na sijapata kujiuliza ni mwili upi. Sina mwingine. Ni huuhuu. Basi miguu yangu haikupotea. Imetangulia tu, inaningoja huko, na siku nitakayofika nitaikuta.

Kwa hiyo nakuagiza. Katika orodha yako ya marehemu andika: Felisita Farajala, miguu. Na wewe andika kilichokutangulia wewe. Nimekwisha kusema langu. Sasa ni zamu yako.

Dada yako,
Felisita


Mlandege, 22 Agosti 1971

Dada Felisita, shikamoo,

Mwandiko huu si wangu. Mimi nasema, Bi Borafya anaandika. (Ni mimi Borafya binti Mmanga. Nakusalimu. Tangu utoto nimeandika kwa herufi za Kiarabu, hizi najifunza tangu mwaka jana darasa la watu wazima. Akisema haraka namwachia maneno yake njiani.)

Umengoja miezi mitatu. Kila siku nilitaka kukujibu kwa mkono wangu, na kila siku niliharibu karatasi. Macho yametangulia, dada. Barua zako tangu mwaka jana zinasomwa na Bi Borafya. (Ile ya toroli nilicheka mpaka nikaitwa na jirani kuulizwa kama nimepatwa na kitu.) Naona mwanga wa dirisha na weupe wa shuka. Sura ya mtu naijua akisema.

Na ile Oktoba sikuona nafasi niliyoiacha. Nilikuwa napapasa karatasi kwa kidole. Jina langu nimelitia mwenyewe palipo marehemu, kwa mkono wangu, kwa upofu wangu, nikapendelea niitwe maiti kuliko niitwe kipofu. (Nilikuwa najua zamani. Alitia chumvi kwenye chai yake akasema ni tamu.)

Nilikuwa naogopa. Kufa hakunitishi sana. Naliogopa lile la kushikwa mkono. Nimepanga herufi za risasi miaka thelathini, nimezisoma zimepinduliwa, hakuna kosa lililonipita, na sasa nisubiri mtu aniambie ngazi iko wapi? Nilijua Padri akipata habari atanichukulia orodha, na mimi bila orodha ni mzee anayekula papai za watu.

Barua yako ya toroli ndiyo iliyonitoa. Juma lililopita nilikwenda kwa Padri, Bi Borafya ameniongoza mpaka mlangoni. (Sikuingia. Nilikaa barazani nikasikia yote.) Nikamweleza kila kitu. Nikamwambia pia neno ambalo sijamwambia mtu: siku ile niliposikia jina langu na kuitika, kabla watu hawajageuka, kwa dakika ile moja sikuona ajabu yoyote. Niliona nimeitwa na anayenijua, na kwamba nimekawia kidogo. Hofu ilikuja baadaye, nilipokumbuka kwamba niko kanisani.

 Nikamrudishia kalamu ya orodha. Padri akaniuliza, "Mzee, hayo majina unayajua kwa moyo?"

Sikuwa nimefikiri habari hiyo. Nikaanza la kwanza, nikaendelea, nimesimama hapo na fimbo yangu, sikukoma mpaka la mwisho. (Nimeona mpishi kapita na chai ya Padri akairudisha jikoni imepoa.) Nilipomaliza Padri akasema mwaka huu hatutafuti karatasi. Wewe utasimama mbele na kuyasema. La kwako, akasema, uliruke.

Nimeshikwa mkono kurudi nyumbani, na wala sikuona vibaya.

Ndugu yako,
Bartolomayo
(Na kadi yake imerudi. Nilikwenda nyumbani kwa Mcha, nikazungumza na mama yake.)


Muheza, 3 Oktoba 1971

Bartolomayo mdogo wangu, na Bi Borafya, nawasalimu wote wawili,

Hatujambo. Mtoto anasimama. Toroli limenunuliwa gurudumu jipya.

Tusidanganyane tena. Mimi sitapandishwa boti kwa toroli, na wewe hutashuka ngazi za boti bila macho. Hatutaonana tena hapa duniani. Tangu jana nazunguka na maneno haya, na sasa nimeyaandika, nimelia, nimekwisha.

Nakuomba moja. Siku ya Marehemu, ukimaliza majina yote, nitaje na mimi. Najua haifai. Nina miaka sabini na minane, naomba lisilofaa. Najua mnaanza Misa saa tatu asubuhi. Nitakaa mlangoni tangu saa tatu, nimeelekea upande wa Unguja.

Felisita


Mlandege, 4 Novemba 1971

Dada yangu Felisita, shikamoo,

Bi Borafya ameshika kalamu. (Nimepata cheti cha darasa.) Nimeyasema yote mia nne na kumi na mawili. Nilipofika jina la Mama, la tisini na sita, nililiacha nusu, nikalianza tena. Nilipofika Agatha niliweza.

Nikamaliza. Nilitaka kuliruka la kwangu kama nilivyoagizwa, lakini kanisa halikukohoa wala kusogeza benchi, nikajua wananingoja. Basi nikasema, "Bartolomayo Farajala," na mwenyewe nikaitika, "Naam." Wakacheka wote. (Nilikuwa nje chini ya dirisha. Hata Padri alicheka, nikamsikia.) Nimezika zaidi ya mia mbili katika hao niliowataja, sijapata kusikia kicheko Siku ya Marehemu, na sikioni mwangu kilikuwa kizuri.

Halafu nikasema, "Felisita Farajala."

Padri akakohoa. Mimi nikabaki nimesimama. Nilisimama kama Mama alivyokuwa akisimama, nangoja. (Alisimama mpaka muuza kahawa akapita mara mbili.) Sikusikia kitu, lakini masikio nayo siku hizi yamefunga safari.

Niandikie upesi. Uliitika?

Bartolomayo


Muheza, 28 Novemba 1971

Mdogo wangu mpenzi, marahaba,

Niliitika.

Niliwekwa mlangoni tangu saa tatu, na kwa kuwa sikujua utanifikia saa ngapi, kila mara niliposikia moyo unaniambia sasa, niliitika. Niliitika kama mara saba. Ya saba ilimkuta muuza machungwa anapita. Akasimama akaniuliza, bibi umeniita? Nikamwambia sikukuita, mimi ndiye ninayeitwa. Akauliza na nani. Nikamwambia na marehemu wa Unguja. Akatua tenga lake kwa adabu, akakimbia, mpaka leo hajarudi. Tumekula machungwa juma zima, na Tabia amemwekea tenga lake.

Baadaye Tabia alitaka kufunga mlango kwa sababu ya vumbi. Nikamwambia auache. Nilikuwa nawaza kwamba Mama hakuwa akifunga kwa kuwa tumeitika. Alifunga tulipokuwa sote ndani. Na wewe siku zote uliitika mapema ukafika wa mwisho, umejaa matope, naye amesimama palepale anakutazamia. Mimi nafikiri nitafika kwanza, kama kawaida yetu. Usijiharakishe kwa ajili yangu. Kula, kunywa chai yenye sukari, mwombee mzee yule goti lake, na mwaka kesho yaseme tena majina.

Lakini ukifika, Bartolomayo, kabla hujakaa, mwambie Mama habari ya upawa. Yule kima amelaumiwa vya kutosha.

Dada yako,
Felisita
(miguu imetangulia)